Vita Vile Vile, Vitabu Viwili

Mingoyo si mahali pa kununulia vitabu. Njia za Lindi, Mtwara na Masasi hukutana hapa kwetu, Mnazi Mmoja, na mabasi hushusha mizigo ya kila namna, lakini ni nadra kushusha riwaya. Kwa hiyo mtu apendaye kusoma huku husoma kile kilichomfikia. Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka mingi, katika mwaka wa kwanza wa kustaafu kwangu nilifikiwa na vitabu tisa, vingi vikiwa vya kuazima kutoka kwa jamaa walioko Dar es Salaam. Nataka kuwasimulia walimu wenzangu na wanafunzi habari za vile vilivyonikaa moyoni. Vingine nitavipita kimya, maana kitabu kisichomgusa msomaji hakina haja ya kutukanwa.

Cha kwanza kilitoka mbali, kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Akakosa mchapishaji, na baadaye akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, naye mwandishi akafariki mwaka 1981. Ni kitabu kirefu, na mwendo wake ni wa mtu atembeaye kwa miguu, asiyeona haya kusimama njiani akatueleza jinsi watu wanavyolima, wanavyotibiana na wanavyoamkiana. Mwanafunzi mwenye haraka ya mtihani atachoka. Mimi sikuchoka, hasa nilipomwona Myombekere anahangaika kumrudisha mkewe, ambaye wazazi wake wamemchukua kwa sababu ya maneno machungu ya ndugu wa mume juu ya kukosa mtoto. Nikajiuliza ni nani angetuandikia hivyo maisha ya Wamwera au ya Wamakonde, kwa subira hiyo hiyo, kabla wazee hawajatutoka.

Baada ya hicho nikasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobeli. Watu wake ni watu wa pwani na wa misafara ya bara, na nilipowasikia wakisema Kiswahili nilihisi kwamba wamerudi nyumbani.

Lakini vitabu vilivyonitaabisha mwaka ule ni viwili, tena vyembamba. Vyote viwili vinahusu Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, na vyote viwili vimetungwa na watu wa mwambao wetu. Kimoja ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliyochapishwa mwaka 1969. Cha pili ni Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliuchapisha mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Tamthilia inajulikana shuleni. Utenzi huo mimi niliupata katika nakala iliyorudufiwa, yenye kurasa zilizofifia.

Tofauti yao si ya umbo tu. Hussein aliandika katika nchi iliyokwisha kuwa huru, na swali lake ni zito: kiongozi afanye nini ikiwa neno lake limewaunganisha watu, na neno hilo hilo likawapeleka mbele ya bunduki? Mwishoni Kinjeketile yumo kifungoni, anaombwa akane maji, naye anakataa, kwa kuwa adui angeitumia kauli hiyo kuwaambia watoto wetu kwamba wazee wao walikosea kupigana. Jamaliddini alitunga wakati majeraha yangali mabichi, chini ya utawala wa Wajerumani, wala hawasifu waliopigana. Kwake wao ni watu waliodanganyika, wakaiponza nchi.

Jioni, baada ya sala ya isha, nilikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti barazani. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu alisikiliza, na jirani yetu mmoja mzee sana, Mmwera ambaye jamaa zake walitoka pande za Nyangao, kule kwenye njia ya Masasi ambako misheni ilichomwa moto Agosti 1905. Babu yake mzee huyo alikunywa maji. Nilianza na tamthilia, na wote wawili wakaipenda. Nilipofungua utenzi, mjukuu wangu alikunja uso.

“Babu, huyu si msaliti?” akauliza. “Kwa nini tumsome?”

Nilimweleza kwamba Hussein mwenyewe katika dibaji yake anatutahadharisha tusimchukulie Kinjeketile wa jukwaani kuwa ndiye yule wa historia, na kwamba mshairi wa Lindi naye ana haki ya kupimwa kwa zama zake. Niliona kwamba hakuridhika, na sidhani kwamba alipaswa kuridhika upesi. Kumsoma mtu wa kwenu anayewalaumu watu wa kwenu ni kazi ngumu kuliko kumsoma mgeni, na katika masomo yetu ya fasihi kazi hiyo tumeikwepa mno. Tumewapa vijana mashujaa waliokwisha kusafishwa. Lakini waliokufa kwa njaa baada ya vita, mashamba na maghala yalipoteketezwa kwa amri ya Wajerumani, walikuwamo waliopigana na wasiopigana, na kila upande ulikuwa na la kusema.

Mzee alikaa kimya siku ile. Kesho yake alikuja na bakora yake, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaomba aazimwe kitabu ili kitukuu chake amsomee nyumbani. Nikampa Kinjeketile. Akakigeuzageuza mkononi, akanirudishia.

“Hiki ni kizuri, mwalimu,” akasema. “Nipe kile cha yule wa Lindi. Anatusema vibaya, lakini alikuwapo.”