Mkono Mmoja wa Asumini

Mwaka 1988 baba alikuwa akisomea shahada ya pili Madras, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai. Sisi tulikuwa tumemfuata kutoka Tanga: mama, mimi niliyekuwa na miaka tisa, na mdogo wangu wa miaka minne. Jumapili moja ya mwezi Machi alituamsha alfajiri, tukaswali, tukapanda basi la watalii. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: asubuhi Kanchipuram, alasiri Mahabalipuram.

Mama hakuitaka safari ile. Usiku wa kuamkia nilimsikia akiuliza, "Mahekalu ya watu tunayafuatia nini?" Baba akamjibu kwamba mtu hakai nyumba ya wenyewe miaka miwili asijue wanaheshimu nini. Mama akanyamaza, lakini kanzu za safari alizipiga pasi.

Kanchipuram ni mwendo wa kilomita kama 75 kutoka Madras. Tulianzia Kailasanatha, hekalu la mawe ya mchanga lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 8, enzi za wafalme wa Pallava. Ndani ya ukuta wake vimepangwa vihekalu vidogo 58, kila kimoja kama kijichumba cha kukaa mtu mmoja. Baba aliviandika katika daftari lake, na daftari hilo ninalo mpaka leo. Ndiyo maana tarakimu hizi sizikosei.

Kisha tukaenda Ekambareswarar, hekalu la Shiva. Mnara wa lango lake una ghorofa 11 na urefu wa mita 59, nao ulijengwa mwaka 1509 kwa amri ya mfalme Krishnadevaraya. Viatu tulimwachia mzee mmoja langoni kwa senti chache. Mahekalu ya huko hufungwa adhuhuri, kwa hiyo kiongozi wetu alituharakisha, na jua lilikuwa limekwisha kuyapasha mawe ya uani. Mdogo wangu aliruka kama bisi kikaangoni hadi baba akambeba begani.

Ndani, penye giza na harufu ya kafuri, tulifika kwenye mlango wenye tangazo: wasio Wahindu wasipite hapa. Baba alilisoma, akageuka.

"Baba, wametufukuza?"

"Hata kwetu pana mahali mgeni haingii, mwanangu. Huyu amekuandikia mapema usije ukaaibika. Amekutendea wema."

Tulipotoka tulimkuta mama pale tulipomwacha, kivulini mwa lango, maana yeye alikataa kuvuka kizingiti. Alikuwa amekaa na mama mmoja muuza maua. Asumini za huko hutungwa kwenye uzi na kuuzwa kwa kipimo cha mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kipimo hicho mama alikijua tangu utoto; kamba na kitambaa kwetu vilipimwa hivyo hivyo, na asumini zilimkumbusha vikuba vya harusi. Muuzaji alipopima kwa mkono wake mfupi, mama alitikisa kichwa, akanyoosha mkono wake mwenyewe, mrefu kama mwiko wa shughuli. Yule mama akaangua kicheko, akapima upya kwa mkono wa mama. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Mama aliupachika ule uzi ndani ya mtandio, na basi zima likanukia hadi jioni.

Mchana tulikula wali kwenye jani la mgomba, kwa mchuzi wa dengu na chatne ya nazi. Mama aliionja ile chatne, akasema imepungua ndimu.

Mahabalipuram iko pwani. Huko Wapallava walichonga mahekalu mazima kutoka katika mwamba mmoja mmoja. Lakini mimi nilinasa kwenye jabali lenye urefu wa karibu mita 30, lililojaa tembo, miungu na watawa. Miguuni pa tembo yuko paka wa jiwe. Amesimama wima, mikono ya mbele ameinua juu kama mtawa aliyezama katika ibada, na panya wamemzunguka bila hofu. Nilicheka peke yangu. Bibi yetu alikuwa na hadithi ya paka aliyerudi kutoka Makka na tasbihi shingoni, akawaita panya waje kumpa mkono.

Ufukweni, karibu na Hekalu la Pwani, nilimwonyesha baba bahari nikamuuliza kama Tanga iko ng'ambo ile. Akanishika mabega akanigeuza. "Tanga iko nyuma yako. Huku jua linatoka baharini, kama kwetu."

Baba amekwisha tangulia mbele ya haki. Mdogo wangu, ambaye sasa anatarajia kupata wajukuu, anasema siku ile anakumbuka nyayo zake tu. Mama ukimuuliza habari za mahekalu atakwambia hakuyaona, kisha atanyoosha mkono kukuonyesha asumini zilikuwa nyingi kiasi gani.

Nawe ukijaliwa kwenda na watoto, wahi kabla ya adhuhuri, na wachukulie soksi.