Gari la mbio kwa bei ya kiwanja cha Chanika

Dada yangu hana maneno mengi. Mwanawe alipomwambia kwamba zile shilingi milioni 9 alizodunduliza miaka minne kwenye gereji hazitanunua tena kiwanja kule Chanika, bali zitanunua gari la mashindano, dada aliacha kuchambua mchele. Hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi.

"Kaka, kiwanja hakipinduki," akasema, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Sasa msomaji wangu, hapo ungejibu nini? Mimi ndiye mjomba. Mimi ndiye niliyembeba huyu kijana mabegani kwenda kutazama magari ya rali akiwa na miaka sita, akarudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope, na tangu siku hiyo hajatulia. Nikajua mzigo umeniangukia. Nikamwambia dada nitakwenda naye mwenyewe kutafuta hilo gari, na nisiporidhika hela zinarudi kwenye kiwanja. Akajibu bila kuinua kichwa: "Umrudishe mzima tu. Hela mtajuana wenyewe."

Basi Jumamosi asubuhi tukapanda mwendokasi pale Kimara, tukabanwa kama dagaa, tukashuka kituo cha mwisho, Gerezani.

Kwa wasiopajua, Gerezani ni ule upande wa Kariakoo ambao akina mama hawaendi kununua vitenge. Hapa harufu ni ya oili iliyoungua, moto wa kuchomelea na mihogo ya kukaanga, vyote kwa pamoja. Huku kuna reli, na siku hizi hata treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 inabeba abiria kutoka hapo jirani kwenda Morogoro. Huku kuna maduka ya spea. Katikati wapo watu waliokaa juu ya injini kama wengine wanavyokaa juu ya vigoda, wanakunywa kahawa. Gia boksi zimepangwa chini kama mananasi. Ukizubaa, mkokoteni unakupitia: "Pembeni mzee, pembeni!"

Jina lenyewe lina mambo. Gereza ni jela, hilo kila mtu anajua, lakini wajuzi wa lugha wanasema neno hilo tulilichukua kwa Wareno, na kwao maana yake ilikuwa kanisa. Kutoka kanisa hadi jela, na kutoka jela hadi mlango wa Corolla wa kushoto! Na ule utani wa mjini bado upo, kwamba ukiibiwa kioo cha pembeni usiende kulia polisi, nenda Gerezani ukakinunue tena. Ndiyo maana watu wa Dar wanachora namba ya gari kwenye kila kioo na kila taa. Wazee wa mtaa ule hawaupendi utani huo, na kwa kweli wengi wao ni watu wa kazi, mikono imeota sugu.

Kijana wangu alikuwa na picha kwenye simu: Subaru Impreza ya bluu, injini ya lita 2 yenye tabo, magurudumu ya dhahabu. Alishaipenda. Nikamwambia weka simu mfukoni, leo hatununui gari. Leo tunauliza bei ya spea.

Akanuna. Lakini nimeishi mjini hapa tangu enzi za foleni ya sabuni, na nimeona watu wengi wakinunua gari kwanza, halafu ndo wanaanza kutafuta maisha. Gari la mbio ni baya zaidi, kwa sababu lile unalinunua ili ulivunje. Dar es Salaam haina uwanja wa lami wa mbio za magari. Si kama kule Nürburgring, Ujerumani, ambako mtu wa kawaida anakata tiketi na kuzunguka kilomita zaidi ya 20 na gari lake la kwendea kazini, kisha anarudi nalo nyumbani. Vijana wetu wanaanzia kwenye mzunguko wa vumbi, ama ile mbio fupi ya kushindana na saa. Vumbi lina mashimo, mashimo yanavunja vyuma. Jumapili unavunja, Jumatatu asubuhi lazima kuwe na duka lenye chuma hicho, na bei yake iwe ya mshahara wa fundi, siyo ya tajiri.

Tukatoa daftari. Kwa kila gari tuliuliza vitu vitano: sahani ya klachi, rejeta, shokapu za mbele, tairodi na gia boksi nzima.

Kwa Toyota Starlet, zile za miaka ya 1990 zenye injini ya 4E ya cc 1,331, hatukufika hata duka la tatu. Vyote vilikuwepo, vingine vinaning'inia mlangoni, na muuzaji anakuuliza unataka mpya au mtumba. Injini ile ina ndugu yake, 5E, aliyemo kwenye Raum, na Raum zimejaa mji huu. Ukija kwenye Subaru, kauli inabadilika. "Ipo bosi, subiri nikuletee." Msomaji, neno "subiri" pale Gerezani lina bei yake. Maana yake kijana anakimbia duka la mtaa wa tatu, anachukua kwa bei ya mwenzake, anaweka yake juu. Kwa gia boksi tulisubiri dakika 40. Ilipofika, bei yake ilikuwa inakaribia nusu ya Starlet nzima.

Kijana akakuna kichwa. "Lakini Mjomba, Starlet ni gari la walimu."

Hapo ndipo nilipomkalisha kwenye benchi la muuza kahawa nikampa historia kidogo, maana vijana wa sasa wanadhani mbio zilianza na YouTube. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Mwaka 1965 ilishindwa na Joginder Singh wa Kenya pamoja na nduguye Jaswant, wakiwa na Volvo PV544. Gari jipya? Wapi! Lilikuwa mtumba. Timu ya kiwanda ilishalikimbiza kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Wale ndugu wawili wakalirekebisha, wakawaacha watu wa viwanda na magari yao yanayonukia rangi.

Mwaka uliofuata, 1966, na tena 1967, akashinda Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Gari lao: Peugeot 404. Na 404 ndiyo iliyoshinda pia mwaka 1963 na 1968, miaka ambayo katika lile kundi zima la magari yaliyoondoka yalifika saba tu. Wenye umri wangu mnaikumbuka 404. Ilikuwa gari la kubebea wagonjwa, bibi harusi na magunia ya mpunga. Kila fundi wa njiani aliijua.

"Kwa hiyo Starlet ndo 404 ya leo?" akauliza.

Sikumjibu. Nilimlipia kahawa.

Kumbe alikuwa ameshampigia simu dalali. Saa nane mchana akatokea jamaa mmoja, shati limechomekwa, funguo zinazunguka kidoleni, akatupeleka uani nyuma ya maduka. Subaru ile ya bluu ilikuwa pale, imeoshwa inang'aa. Bei yake milioni 8 na nusu, na dalali anaapa kwa jina la mama yake kwamba mwenyewe anasafiri.

Tatizo la kwanza nililiona kabla hata ya kufungua boneti: injini ilikuwa ya moto. Gari unalokwenda kununua liwe baridi, uwashe mwenyewe. Linalopashwa moto kabla hujafika lina siri. Kijana, ambaye mpaka hapo alikuwa amelewa mapenzi, akakumbuka kuwa yeye ni fundi. Akaomba kipande cha sumaku dukani, akakifunga kitambaa, akaanza kukipitisha kwenye bodi. Kwenye milango kinashika. Nyuma ya mlango wa kushoto kikaanguka. Hapo si bati, ni puti. Akafunua kapeti chini ya kiti.

Jamani! Mshono wa kuchomelea ulipita kutoka nguzo moja hadi nyingine, umepakwa rangi nyeusi. Mbele gari moja, nyuma gari jingine. Mtu angeweza kuliendesha Mbezi na Posta miaka kumi asijue. Lakini ulipindue kwenye vumbi kwa kilomita 90 kwa saa, lingefunguka palepale, na yeye akiwa ndani.

Dalali akasema hicho ni kitu kidogo, anapunguza laki tano. Kijana wangu hakujibu kitu. Alirudisha kapeti taratibu, akalilainisha kwa kiganja kama mtu anayefunika maiti, tukaondoka. Hadi tunafika makutano ya Kamata hakuwa amesema neno.

Starlet tuliipata wiki ya pili, Temeke, kwa mama mmoja mwalimu mstaafu. (Naam, mwalimu!) Nyeupe, imechubuka kila kona, kiti cha nyuma kina harufu ya samaki. Namba A, zile za mwanzo kabisa. Tulifika saa moja asubuhi, boneti ya baridi. Ikawaka kwa mara ya kwanza, moshi kidogo ukakata. Ingekuwa moshi wa bluu unaoendelea, ringi zimekwisha na inakula oili. Moshi mweupe usiokoma unamaanisha maji yanaingia kwenye silinda. Tukachomoa kijiti cha oili: nyeusi, lakini siyo ile rangi ya chai ya maziwa inayomaanisha gasketi ya hedi imekufa. Kijana akafunga kipimo cha mgandamizo kwenye silinda zote nne, zikawa karibu sawasawa. Akalala chini na tochi nusu saa. Kutu ilikuwepo, lakini kwenye sakafu, siyo kwenye mihimili. Namba ya chesesi ikalingana na kadi, na kadi ilikuwa na jina la mama mwenyewe, tukaihakikisha TRA kabla ya kutoa hata senti.

Mama alitaka milioni 5. Tukaafikiana milioni 4 na laki tatu, akaomba abaki na redio.

Hapo wengi hukosea, wakadhani hela iliyobaki ni ya magurudumu ya kung'aa. Tulirudi Gerezani tukaenda kwa mzee mmoja mchomeleaji, ambaye ameanza kuchomelea kabla mimi sijaoa. Kijana akampa shikamoo, akamweleza anataka kizimba cha bomba ndani ya gari, cha kumlinda likipinduka. Mzee akauliza swali moja: "Cha maonyesho au cha kupindukia?"

Akatuletea vipande viwili vya bomba. Kimoja cha maji, kile tunachotengenezea vitanda na mageti. Akakibana kwenye jiliwa, akakipiga nyundo, kikajikunja na kupasuka palepale kwenye mshono wake. Cha pili hakikuwa na mshono. Kilibonyea, hakikupasuka. Kanuni za kimataifa za FIA ndizo hizohizo: bomba la chuma lisilo na mshono, na upinde mkuu uwe wa milimita 45 kwa unene wa milimita 2 na nusu, au milimita 50 kwa unene wa 2. Hilo bomba halikai nje ya kila duka. Tulilitafuta siku nne, na lilikuwa ghali kuliko tulivyopanga. Mzee alikataa kabisa kuanza na bomba la maji "halafu tutabadilisha baadaye". Alisema kuna vijana aliowatengenezea hivyo zamani, na hakumaliza sentensi yake.

Kisha mikanda ya mbio, ambayo ina mwaka wake wa kwisha muda umeandikwa pale pale, kwa hiyo usibabaishwe na ya mtumba. Kiti. Kofia ngumu ya magari, siyo ya bodaboda. Pedi za breki na mafuta mapya ya breki, maana ya zamani yanakuwa yamenywa unyevu, yakichemka unakanyaga hewa. Injini hatukuigusa, zaidi ya oili, plagi na chujio. Nguvu ni zilezile za mwalimu. Kijana akang'oa kapeti, viti vya nyuma, mapambo yote, na harufu ya samaki ikapungua.

Zimebaki laki sita na ushee. Kiwanja Chanika hakipo, tusidanganyane, na usiku mwingine naamka nikijiuliza kama nimemsaidia huyu mtoto au nimemponza. Kiwanja kingepanda bei. Starlet hii haitapanda.

Ijumaa iliyopita dada alikuja Gerezani bila kutuambia. Alikuwa na kikapu cha sokoni mkononi. Mzee mchomeleaji akampa kigoda, akakataa kukaa. Akazunguka gari mara mbili, akafungua mlango, akaingia kwa shida kupita lile bomba la pembeni, akaketi kwenye kiti cha dereva na kanga yake. Akagonga kizimba kwa pete ya kidole, ngo ngo ngo, akisikiliza kama anayechagua nazi.

"Nani kachomelea?"

"Mimi, mama," mzee akajibu.

Akaitikia kwa kichwa. Akashika usukani kidogo, akauachia. Halafu akageuka kushoto, akakiona kiti cha pili na mikanda yake mipya.

"Na hiki cha nani?"

Kijana akaeleza kwamba akishazoea mzunguko ataingia kwenye rali, na kwenye rali dereva hakai peke yake, lazima awepo wa kumsomea njia, mtu anayemwamini.

"Nani huyo?" dada akauliza.

Wote watatu wakanigeukia. Nina miaka 57, msomaji, na kitambi. Ule mkanda nimeujaribu jana. Unafika.