Dalia Hatuzipimi kwa Rula

Nilipokuwa Naivasha, waridi tulilipima kwa urefu wa shina. Sentimita 40 na bei yake, sentimita 60 na bei yake. Ua zuri lenye shina fupi halikuwa na mnunuzi. Huku Zundert, kusini mwa Uholanzi, dalia tunaikata shingoni. Shina linabaki shambani, kinachotakiwa ni kichwa.

Kichwa hicho ni cha kufunika magari ya maua ya maandamano yetu, desturi iliyoanza 1936 kwa heshima ya siku ya kuzaliwa ya Malkia Wilhelmina. Jumapili ya kwanza ya Septemba vitongoji 20 hushindana. Nikiwaambia watu wa nyumbani "magari ya maua" wanadhani ni matrekta yaliyopambwa kwa mashada. Wapi! Ni masanamu, mengine yana urefu wa mita 20. Miezi ya kiangazi tunashinda ndani ya hema kubwa: wenye ufundi wanachomelea vyuma, sisi wengine tunabandika karatasi na gundi juu ya waya, tabaka juu ya tabaka. Halipwi mtu.

Kazi ya maua yenyewe haina kuanza mapema, kwani dalia hunyauka upesi. Ni siku tatu za mwisho, usiku na mchana. Watoto na wazee hukaa chini na nyundo ndogo wakipigilia maua, vijana hupanda majukwaa. Maua laki kadhaa kwa gari moja, yamebanana hata karatasi isionekane. Rangi ya kupaka hatutumii. Ukitaka kivuli chini ya kidevu cha sanamu, utafute dalia yenye rangi iliyoiva zaidi kidogo ya ile ya shavuni, na uwe uliipanda tangu majira ya kuchipua.

Siku ya maandamano wengi wetu tuko ndani ya gari, gizani, tukisukuma, maana injini hakuna. Wenyeji wanasema hapo ndipo penye heshima. Mimi ningependa kuona. Mwaka 2015 magari yote yalimhusu Vincent van Gogh, mzaliwa wa hapa, na mtu aliyesukuma aliyaona kwenye picha tu.

UNESCO iliitambua desturi hii mwaka 2021. Vitongojini gumzo halikubadilika: nani kashinda, nani kaonewa. Siku chache baada ya maandamano gari hubomolewa, vyuma vikawekwa akiba. Majira ya baridi unachaguliwa mchoro mpya, na wapo wanaonuniana hadi leo kwa mchoro uliokataliwa zamani.