Skrini Inayomtazama Mgeni

Leo nataka tuongee juu ya kitu kidogo sana: ile picha inayokaa kwenye skrini ya kompyuta kabla hujafungua kitu. Najua kuna watakaosema, "Watu wanalia posho imepungua, wewe unatuletea mambo ya picha!" Someni kwanza, halafu tubishane.

Kituo chetu hapa Nakivale kina kompyuta moja yenye skrini mbili. Moja inanitazama mimi ninayeandika. Ya pili tumeigeuza imtazame mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Tulifanya hivyo kwa sababu ya majina. Wengi wetu tuliandikwa jina kwa mara ya kwanza na mtu asiyejua lugha yetu. Herufi moja ikikosewa kwenye atesteshoni, inakufuata shuleni, inakufuata ukienda kusajili laini ya simu, inakufuata hata kwenye maombi ya skolashipu ya DAFI. Sasa mtu akija tumjazie fomu au tumwandikie CV, anaona kwa macho yake. Anasema, "Hapo weka R, siyo L," na tunarekebisha palepale.

Shida ilikuwa pale ambapo hakuna fomu iliyofunguliwa. Kompyuta ilikuja na nembo ya shirika lililoitoa, kubwa, imejaa skrini zote mbili. Kwangu mimi haikuwa na neno, ninajua niko wapi. Lakini anayeingia hajui. Mama mmoja mzee alikaa kwenye kiti, akaitazama ile nembo, akasimama tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa ndipo wanapokata watu kwenye orodha ya chakula?" Wiki hiyohiyo kijana wa rika langu aliweka shilingi 20,000 mezani ili nimwingize kwenye orodha ya kwenda Marekani. Aliona nembo, akaamini nina uwezo. Nilimrudishia pesa yake na kumweleza kwamba huduma za UNHCR ni bure, na kwamba sisi hatuna orodha yoyote. Lakini fikirini kama angemkuta mtu mwenye njaa ya pesa. Picha ingekuwa imeshamfanyia tapeli nusu ya kazi.

Basi tukakaa kikao, na kumbe kila mtu alikuwa na picha yake moyoni. Mmoja alitaka bendera ya Kongo. Tukamuuliza: Warundi, Wasomali na Wanyarwanda wanaokuja hapa watajisikiaje? Mwingine alitaka Ziwa Tanganyika jinsi linavyoonekana kutoka Uvira. Hiyo ilinigusa, sikatai. Dada mmoja alileta picha ya familia yake yote waliobaki nyumbani. Hapo tulinyamaza kidogo. Tulimwomba asiiweke pale. Skrini ile inaonwa na kila anayeingia, na wengine wanapiga simu zao picha humo ndani. Mtu aliyekimbia kwa sababu anatafutwa hapaswi kuning'inizwa mahali pa watu wote, hata kama ni kwa upendo. Kuna aliyesema tuweke rangi nyeusi tupu, eti inaokoa umeme wa sola. Kwenye monita kama hizi zetu haiokoi kitu cha maana, kwa sababu taa ya nyuma ya kioo inawaka vilevile. Ukitaka kuokoa umeme, punguza mwangaza.

Mwishowe tulikubaliana hivi. Skrini ya anayeandika, weka unachotaka, hata hiyo nembo. Skrini ya mgeni, weka maneno. Yetu inasema: "Karibu. Hiki ni kituo cha vijana. Hatuandikishi wakimbizi. Hatuna orodha ya chakula wala ya kusafiri. Hatupokei pesa. Ukiona jina lako limekosewa, tuambie." Tumeyaandika kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali. Kwa asiyesoma, tumechora noti ya pesa iliyopigwa msalaba mwekundu.

Kwa wanaotaka kufanya vilevile, njia ni hii. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Zitatokea njia nne. Chagua ya tatu, ile ya kurefusha, ili kila skrini iwe na mambo yake. Msichague ya pili, ya kurudufu. Kwa hiyo skrini zote zinaonyesha kitu kimoja, huwezi kuweka picha mbili, na ubaya zaidi, mgeni ataona kila unachofungua, pamoja na faili la mtu aliyetoka sasa hivi. Siri ya mwenzetu inaweza kutoka hivyohivyo, bila mtu kufungua mdomo.

Halafu bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, chagua lile neno refu linaloanza na P (kwa Kiingereza na kwa Kifaransa ni P), kisha uingie sehemu ya mandharinyuma. Ukishaleta picha zako, zitajipanga pale kama picha ndogo. Usibofye kawaida, maana itakaa kwenye skrini zote. Bofya kulia juu yake, utaulizwa: monita 1 au monita 2? Kama hujui ipi ni ipi, kwenye setingi za skrini kuna kitufe kinachoandika namba kubwa juu ya kila moja. Windows 7 haina uchaguzi huo. Huko inabidi uunganishe picha mbili ziwe moja ndefu.

Angalia pia ukubwa. Skrini yetu ya mgeni ni ya zamani, ya mraba kidogo, 1280 kwa 1024, na yangu ni pana, 1920 kwa 1080. Tengeneza picha ya maneno kwa vipimo vya skrini yenyewe, la sivyo pembeni patakatwa, na neno "hatupokei" likikatwa mbele unabaki na "pokei"! Herufi ziwe kubwa, mzee aliyekaa asome bila kuinama.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mnasoma. Tunashukuru kwa vifaa, siyo kwa mdomo tu. Mratibu mmoja alipoona hatujaweka nembo kwenye skrini ya pili aliuliza kwa nini. Tulimwomba akae kwenye kiti cha mgeni. Alikaa, akasoma, akasema atauliza wakubwa wake. Mpaka leo jibu halijaja, na maneno yetu bado yapo. Nembo ina mlango, ina ukuta, ina ripoti. Mtu anayekuja na hofu ana hiyo skrini moja tu.

Mlio Kyangwali, Nyarugusu na Dzaleka, kama mna skrini ya pili, tuandikieni mmeweka nini. Na aliye na mkono mzuri wa Kiamhari au Kitigrinya atusaidie tafsiri, bado nafasi ya mistari miwili ipo chini.