Boneti ya baba mdogo

Wadau, wikiendi hii sijagusa daftari. Baba mdogo anauza Corolla yake, akasema nikiing'arisha ikang'aa kweli atanilipia chumba semista nzima. Mimi huyo! Nikaosha, nikapaka silanti juu kwa juu. Asubuhi boneti mabaka matupu, moyo paa!

Kumbe gari lilikuwa na nta ya zamani, ile ya carnauba inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazili. Silanti inataka kushika rangi yenyewe. Ikikuta nta inashika nta, na nta ikibanduka inaondoka nayo.

Nikaanza upya. Sabuni ya vyombo, ambayo kila mtu mtaani anaisifia, haikutosha. Kilichosaidia ni spiriti na maji nusu kwa nusu, kivulini, boneti ikiwa imepoa, kipande kidogo kidogo huku nageuza kitambaa. Halafu namwaga maji: yakijikusanya matone matone, nta bado ipo, yakitandaa, twende. Mikono imekauka kama ya fundi uashi, we acha tu.

Jioni baba mdogo kaja, kazunguka gari mara mbili kimya. Kisha kauliza, "Hicho chumba shilingi ngapi?"