Kwa Wenye Dhamana ya Wazee: Safari Yangu ya Kwanza Uingereza

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya mkoa wa Morogoro. Mzee akifika ofisini kwetu, swali la kwanza tunalomuuliza ni watoto wake wako wapi. Novemba 2024 nilisafiri kwa mara ya kwanza kwenda Uingereza, nchi ambayo sheria haimlazimishi mtoto kumtunza mzazi wake. Nilitaka kuona mzigo huo ukiwekwa mezani pa halmashauri unabebwaje.

Safari yenyewe haina mengi: Dar es Salaam, Doha, kisha Birmingham. Mvua ya rasharasha, na saa 11 jioni giza limeshaingia. Wenyeji wangu walikuwa halmashauri iliyo jirani na jiji hilo, na nimeahidi kutoitaja.

England, sehemu ya Uingereza ilimo Birmingham, ina halmashauri 153 zenye dhamana ya matunzo ya watu wazima. Kwa mujibu wa Sheria ya Matunzo ya 2014, mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, awe mzee, mlemavu au mgonjwa wa akili, lazima atathminiwe, tajiri kwa maskini. Anasikilizwa, na mpango wake unaandikwa. Hilo nililipenda sana. Baada ya hapo ndipo mali yake inapokaguliwa. Mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na kiwango hicho hakijapanda tangu 2010. Akihamia nyumba ya kulelea wazee, hata nyumba yake huhesabiwa, isipokuwa, kwa mfano, kama mwenzi wake bado anaishi humo. Matibabu ya hospitali ni bure. Kwa hiyo mwenye saratani hutibiwa bila kulipa, na mwenye ugonjwa wa kusahau huenda akauza nyumba aliyoijenga maisha yake yote. Nimelitafakari jambo hili tangu nirudi, na kwangu si haki.

Kikao cha asubuhi cha wenyeji wangu ndicho kilichonifundisha zaidi. Hospitali ilikuwa imepiga simu: kuna wagonjwa wamepona, vitanda vinahitajika, lakini nyumbani hakuna wa kuwahudumia. Meneja, mama wa makamo, alikuwa akipitia jalada moja baada ya jingine. Alifika kwa mjane wa miaka 84 aliyeanguka jikoni. Tathmini ilisema atembelewe mara nne kwa siku, ila fedha na watumishi vilitosha mara tatu tu. Kijana mmoja akapendekeza waiondoe ziara ya mchana.

"Na maji atapewa na nani?" mama akauliza.

Akairudisha ya mchana, akaipunguza ya jioni ikawa dakika 15. Niliona kalamu yake inavyosita. Sisi kwetu humkosesha mzee huduma kwa sababu hatuna hata hilo jalada. Yeye analo, na kila pengo analijua kwa jina la mtu.

Siku iliyofuata niliongozana na mtunza wazee mmoja, dada mzaliwa wa Mombasa. Ukutani kando ya kila mlango kuna kisanduku kidogo cha chuma chenye namba za siri, na ndani yake mna ufunguo, maana mwenye nyumba hawezi kuinuka kufungua. Aliingia akisalimia kwa sauti ya juu, akambadilisha bibi nguo, akampasha uji, akamhesabia vidonge, kisha akaandika kila kitu kwenye simu. Bibi alitaka kuzungumza. Muda ulikuwa umekwisha.

"Kaka, humu ndani nalipwa," aliniambia tukikimbilia basi. "Njiani silipwi."

Milango ilifunguliwa kwa watu kama yeye Februari 2022, nafasi za kazi hii zilipokosa wenyeji wa kuzijaza. Machi 2024 wanaoingia wakazuiwa kuja na watoto na wenzi wao. Rafiki yake aliyefika baada ya hapo amewaacha wanawe Kisauni, Mombasa, anawaogesha wazazi wa wengine. Julai 2025 serikali ya Uingereza ikafunga kabisa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje.

Na fedha? Septemba 2023 Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kumudu matumizi yake. Madai ya malipo sawa kwa wanawake na mfumo mbovu wa kompyuta vilichangia sana, na Aprili iliyofuata wakazi wakapandishiwa kodi kwa asilimia 9.99. Hata katika halmashauri zisizo na matatizo hayo, fungu kubwa la bajeti huenda kwenye matunzo ya watu wazima. Tume ya serikali kuhusu gharama za matunzo, iliyoongozwa na Andrew Dilnot, ilishauri tangu 2011 gharama anayobeba mtu mmoja iwekewe kikomo. Serikali ikaahidi kikomo cha pauni 86,000, ikaahirisha, na Julai 2024 ikakifuta. Sasa kuna tume nyingine ya matunzo, inayoongozwa na Louise Casey.

Sisi Tanzania tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na wengi tunadai sheria kamili. Naidai pia. Lakini waheshimiwa wabunge, na madiwani wa halmashauri zetu: siku mtakapoandika kwamba mzee ana haki ya kutunzwa, andikeni hapo hapo fedha zitatoka fungu gani, na yule anayemwogesha atalipwa kiasi gani, pamoja na saa zake za njiani.