Bunduki ya Kwanza

Mimi ni mtu wa visiwani. Silaha yangu kalamu. Lakini shemeji yangu wa Iringa alipokusudia kununua bunduki yake ya kwanza ya kuwindia, aliniita nimfasirie kijitabu cha Kiingereza. Tukaenda pamoja Mbeya, kwa mzee mmoja mwindaji.

Shemeji alitamani bunduki ya kuangusha nyati. Mzee akatabasamu. "Mwanangu, anza na ndogo, isiyokupiga teke. Aogopaye kishindo hufumba macho kabla ya kufyatua. Kitako kikae begani bila shingo kujinyoosha. Na kabla ya kuuliza bei, uliza kibali."

Kweli, vibali ni viwili: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 yataka leseni ya kumiliki, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 yataka leseni ya kuwinda.

Tuliporudi Iringa tulifika Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa mwaka 1954. Mwaka 1891 watu wake waliwashinda Wajerumani Lugalo na kuteka bunduki zao. Mwaka 1898, alipokaribia kukamatwa, alijipiga risasi. Shemeji alisimama mbele ya fuvu hilo muda mrefu, asiseme neno.

Usiku nilifika penye neno la Kiingereza ambalo ni kizuizi cha kifyatulio, na pia ni usalama. Nikamsomea maana zote mbili.

"Ya pili haimo katika chuma, shemeji," akasema.

Alinunua ile ndogo. Lakini alitangulia kununua kabati lenye kufuli, maana ana watoto wanne.